B-17 ndani ya hanga: plagi 72, mapanga 12 na bolti za mabawa

Kampuni za Boeing, Douglas na Vega zilitengeneza ndege za mabomu aina ya B-17 zipatazo 12,731. Ulaya yote imebaki moja tu inayotunzwa ili iruke, Sally B ya Duxford, Uingereza. Nyingine chache ziko Marekani. Ndege hii ilichorwa kwa ajili ya vita, na hakuna aliyekuwa akimfikiria fundi atakayeikagua miaka 80 baadaye. Kwa hiyo sehemu kadhaa muhimu zimefunikwa kwa bati lililopigwa ribiti (pini za chuma zinazopondwa ncha ili zishike), bila hata kidirisha cha kuchungulia. Haya ni maelezo ya kazi inayofanyika juu yake, hasa kwenye injini na mabawa, maana hapo ndipo roho za watu zinapotegemea.

Toleo la G lina injini 4 za Wright R-1820-97. Kila moja ina silinda 9 zilizopangwa kwa duara, ujazo wa lita 29.9 na nguvu farasi 1,200 wakati wa kupaa. Tangi la oili la kila injini hubeba karibu lita 140. Kiasi hicho kinaweza kumshangaza aliyezoea magari, lakini injini za duara hula oili hata zikiwa nzima. Ikiwa hakuna hata tone sakafuni chini ya injini, kwanza hakikisha kwamba tangi lina oili.

Asubuhi ya siku ya kuruka, kazi ya kwanza ni kuzungusha propela kwa mikono. Injini ya duara ikisimama hata saa chache, oili huteremka taratibu, hupenya kwenye ringi za pistoni na kwenye miongozo ya valvu, ikajikusanya katika silinda za chini. Ukihesabu kuanzia ile ya juu kabisa, namba 1, zilizo chini ni namba 5 na 6, pamoja na jirani zake 4 na 7. Hewa hubanika, oili haibaniki. Stata ikipigwa na pistoni ikapanda kukutana na oili, kinachopinda ni konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, yaani shafti kuu ya injini. Ubaya ni kwamba mara nyingi haivunjiki palepale. Hupinda kidogo, injini ikawaka vizuri na ndege ikapaa, kisha konrodi ile inakatika baada ya saa kadhaa za kazi, ikiwa angani.

Utaratibu ni huu. Swichi za magneto (vifaa vinavyozalisha umeme wa cheche) zimezimwa, mkono wa mchanganyiko wa mafuta uko pa kukata, magurudumu yamewekewa vizuizi. Sukuma panga moja la propela baada ya jingine hadi yapite 9, kwa viganja vilivyo wazi, bila kukunja vidole nyuma ya panga. Mapanga 9 ni mizunguko 3 ya propela. Kwa kuwa gia ya mbele hupunguza mwendo kwa uwiano wa 16 kwa 9, kranki nayo itakuwa imezunguka mara 5 na theluthi, na kila pistoni imepita kwenye mkandamizo angalau mara 2. Unachotafuta ni ule ukinzani laini wa hewa, unaokuja na kuachia. Panga likigoma ghafla kama limegonga ukuta, acha. Usiongeze mtu wa pili wa kusukuma, na usirudishe propela kinyume. Ukirudisha kinyume, oili itasukumwa kwenye bomba la kuingizia hewa, nawe utadhani imetoka. Injini ikiwashwa itaivuta tena ndani ya silinda. Fungua plagi za silinda za chini, acha oili imwagike yote, zungusha tena, kisha funga plagi safi.

Sasa plagi zenyewe. Kila silinda ina 2, yaani 18 kwa injini na 72 kwa ndege nzima. Petroli ya ndege ya 100LL bado ina madini ya risasi, na risasi huganda kama vipunje vigumu kwenye ncha ya plagi, hasa zile za chini zinazoloa oili. Kila plagi huoshwa, hupulizwa mchanga laini kwa muda mfupi tu, hupimwa uwazi wake na hujaribiwa kwenye mashine chini ya mgandamizo wa hewa. Uwazi wa plagi za aina hii kwa kawaida huwa kati ya milimita 0.4 na 0.5, kitabu cha plagi uliyonayo ndicho chenye neno la mwisho. Inaporudishwa huwekewa gasketi mpya ya shaba na mafuta kidogo ya kuzuia kunata kwenye nyuzi, lakini usipake nyuzi mbili za karibu na ncha, maana mafuta hayo hupitisha umeme na yataua cheche. Kaza kwa spana yenye kipimo hadi futi-pauni 30 au 35. Plagi iliyoanguka sakafuni haifungwi tena hata ikionekana nzima, kwa sababu kauri ya ndani huenda imepasuka. Zikirudishwa, zile za chini ziende juu na za juu ziende chini, ili zichakae kwa usawa.

Kwa nini uangalifu wote huu kwa kitu kidogo namna hii? Tarehe 2 Oktoba 2019, B-17 iliyoitwa Nine-O-Nine ilianguka kwenye uwanja wa Bradley, jimbo la Connecticut, ikijaribu kurudi kutua muda mfupi baada ya kupaa. Watu 7 walikufa. Wachunguzi walipofungua injini namba 4 walikuta waya wa kuzimia wa magneto ya kushoto umefungwa kwa waya wa usalama ili usichomoke. Waya huo ulipochezacheza uligusa bodi ya magneto, umeme wa cheche ukapotelea humo, magneto ikafa. Magneto ya kulia ya injini hiyohiyo ilikuwa imechakaa kupita kiasi: uwazi wa pointi zake (vikatio vya umeme vilivyo ndani) ulikuwa chini ya nusu ya unaotakiwa, na ilipojaribiwa ilitoa cheche hafifu au haikutoa kabisa kwa silinda 4 kati ya 9. Kwenye injini namba 3 plagi zote zilikuwa chafu, uwazi wake uko nje ya kipimo, na zilikuwa na dalili kwamba mafuta yalikuwa yakilipuka ndani ya silinda badala ya kuungua. Ukisoma orodha hiyo polepole utaona kwamba kila kosa lililomo linarekebishika kwa zana za kawaida na kwa muda.

Ndiyo maana kipimo cha magneto kabla ya kupaa hakifanywi kwa haraka. Injini ikiwa na moto wa kutosha, zima magneto moja, subiri sekunde chache, angalia mizunguko imeshuka kiasi gani, rudisha zote mbili, kisha rudia kwa nyingine. Kwa injini hizi mizunguko isishuke zaidi ya 100 kwa dakika, na injini isitetemeke. Wengi huogopa ikishuka sana. Isiposhuka kabisa inatisha vilevile: maana yake waya wa kuzimia umekatika, swichi haizimi kitu, na kesho asubuhi mtu atakayesukuma propela kwa mikono atakuwa amesimama mbele ya injini inayoweza kuwaka.

Kwenye oili, fungua chujio na uoshe kilichonaswa juu ya kitambaa cheupe. Vipande vinavyoshikwa na sumaku ni chuma, pengine kutoka kwenye gia au beringi. Vyepesi vyeupe visivyoshikwa ni alumini, mshukiwa wa kwanza ni pistoni. Rangi ya shaba ni bushi. Vumbi laini ni uchakavu wa kila siku. Kipande unachoweza kukishika kwa kucha kinaisimamisha injini hadi kijulikane kimetoka wapi. Kipimo cha mkandamizo kifanyike injini ikiwa bado na joto, na utumie masikio: hewa ikivuma kwenye ekzosi, valvu ya ekzosi haifungi, ikivuma kwenye bomba la kupumulia la kranki, ringi zimechoka. Uwazi wa valvu hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, kila silinda pistoni ikiwa juu kwenye mkandamizo, kwa kufuata mpangilio wa cheche: 1, 3, 5, 7, 9, 2, 4, 6, 8.

Injini ikiumwa hutoa sauti, moshi au mtetemo. Bawa halitoi chochote.

Bawa la B-17 lina mihimili miwili, wa mbele na wa nyuma, na kila mmoja umeungwa kwenye mwili wa ndege juu na chini. Kwa hiyo kila bawa lina viungo 4. Kwenye kiungo, kipande cha chuma chenye masikio hufungwa kwa bolti kwenye nguzo ya alumini ya mhimili. Ndege ikiwa angani bawa hupinda kwenda juu, na nguzo ya chini hubeba mvutano wote. Nyufa huanzia kwenye matundu ya bolti, mahali ambapo alumini imepunguzwa na metali mbili tofauti zinagusana. Unyevu ukiingia kati yake, alumini huliwa. Mwezi Aprili 2021, B-17 iitwayo Aluminum Overcast ilisimamishwa baada ya hitilafu kuonekana kwenye kiungo cha bawa la kushoto. Mwaka 2023 mamlaka ya anga ya Marekani ikaamuru viungo hivyo vikaguliwe kwenye B-17 zote, baada ya kukutwa kiungo cha chini cha mhimili wa mbele kilichoachana kabisa. Amri ya ukaguzi wa mihimili ilikuwepo tangu 2001, lakini kuangalia kwa macho na tochi hakufiki palipo na tatizo.

Kuyatoa mabawa si kazi ya wikendi. Magurudumu makubwa yako nyuma ya injini za ndani, ndani ya bawa lenyewe, kwa hiyo ukitoa bawa umeitoa na miguu ya ndege. Mafuta hutolewa yote, injini na propela hushushwa, mwili hulazwa juu ya vitanda vya mbao vilivyokatwa kwa umbo lake, na kila waya na bomba huwekewa lebo pande zote mbili kabla ya kukatwa. Vipande vya chuma husafishwa hadi metali tupu, hutiwa sumaku na kumwagiwa kimiminika chenye chembe zinazong'aa. Chini ya taa ya miale ya zambarau, ufa huonekana kama mstari wa kijani. Baadaye sumaku hiyo lazima iondolewe, la sivyo dira ya rubani itadanganya. Alumini haishiki sumaku, kwa hiyo matundu yake hupimwa kwa kifaa cha umeme kinachozungushwa ndani ya kila tundu. Tundu lenye mkwaruzo mdogo hupanuliwa kwa kipimo na kupewa bolti nene kidogo. Lenye ufa unaozidi ruhusa ya mchoro huiondoa nguzo nzima. Bolti hurudishwa ikiwa imepakwa dawa mbichi ya kuzuia unyevu; mimi nisingekubali ifungwe kavu hata mara moja.

Bati la nje likifunguliwa, unakuta chini yake bati jingine la mikunjo, nalo hupenda kuficha maji. Ribiti ya kawaida yenye unene wa milimita 3.2 ikate ili ibaki milimita 4.8 nje ya bati. Ikishapigwa kichwa chake kiwe na upana wa milimita 4.8 na kimo cha 1.6. Kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bati kusiwe chini ya unene wa ribiti mara 2. Ribiti za alumini ngumu ya aina ya 2024 hupashwa karibu nyuzi 493 za Selsiasi, huzamishwa majini, kisha huwekwa kwenye friza. Ukiitoa una dakika chache tu za kuipiga. Ukichelewa inakuwa ngumu na itapasuka kichwa, kwa hiyo toa chache kwa wakati.

Breki zina mpira wa duara unaojazwa haidroli ili kusukuma vipande vya breki kwenye ngoma. Usikanyage pedali ngoma ikiwa imetolewa, mpira utapasuka. Haidroli yake ni ile nyekundu ya madini, na oili ya breki za gari ikiingia humo huharibu sili zote, yaani mipira ya kuzuia kuvuja.

Usukani wa mkia, wa kupandia na wa mabawani umefunikwa kitambaa. Pamba ya daraja A ikiwa mpya huhimili pauni 80 kwa kila inchi ya upana; ikishuka chini ya 56 hubanduliwa. Wengi sasa hutumia poliesta. Kila tabaka la rangi huongeza uzito nyuma ya bawaba, hivyo baada ya kupaka, usukani hupimwa upya mizani yake kabla ya kufungwa, maana ukizidi uzito nyuma utaanza kupepea kwa mwendo mkubwa hadi ung'oke. Nyaya za kuuendesha pitisha kitambaa cha pamba urefu wote, na pale kwenye roda zirudie mara mbili: uzi uliokatika utakamata kitambaa. Mkazo wake pima pamoja na joto la hanga, kwa sababu mwili wa alumini hutanuka kuliko waya wa chuma, na waya uliokazwa asubuhi ya baridi utakuwa mgumu mchana.

Kabla kifuniko cha mwisho cha bawa hakijafungwa, zana huhesabiwa kwenye kabati. Ikipungua moja, kifuniko hakifungwi hadi ipatikane.