Harufu ya petroli iliyokuja asubuhi tu

Ukifungua mlango wa gari kabla jua halijachomoza, harufu ya petroli inakupiga puani. Ukishaendesha dakika kumi, imekwisha. Nikaiachia wiki tatu nzima kwa sababu hiyo hiyo, nikijiambia labda nimejaza tangi kupita kiasi, mara labda kifuniko hakijafunga vizuri. Kitu kinachopotea chenyewe humfanya mtu mvivu.

Gari lenyewe limevuka miaka 25, ni la injekta, yaani petroli hupulizwa injini kwa presha, na mipira yake ya kupitishia mafuta ndiyo ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Siku moja nikaamka mapema, nikafungua boneti, nikawasha injini ikiwa ya baridi kabisa. Karibu na reli ya injekta, paipu inayozigawia petroli, palikuwa na tone dogo limening'inia chini ya klipu. Nikalitazama likijaa, likadondoka. Nikazima hapo hapo.

Kisha nikakosea: nikachukua bisibisi, nikakaza klipu. Tone likakoma, nikajiona fundi. Siku ya nne likarudi, kubwa kuliko la mwanzo. Jirani yangu mmoja, mzee aliyeishi na grisi mikononi maisha yake yote, aliinama akaukunja ule mpira kidogo kwa kidole. Ukafunguka nyufa kama udongo wa bwawa lililokauka.

"Mwanangu, huu hukazi, huu unatoa," akasema. "Mpira ukishakakamaa haushiki paipu. Ukiwa baridi unasinyaa, petroli inapita. Ukipata joto unavimba kidogo, unaziba, nawe unadhani gari limepona."

Basi nikaelewa ile harufu ya asubuhi. Nikaelewa pia kwamba kubadilisha mmoja ni kujidanganya, maana yote ni rika moja. Nikahesabu sita: miwili juu ya tangi, miwili kwenye filta, mmoja wa kuingilia kwenye reli na mmoja wa kurudishia mafuta tangini.

Dukani nilienda na kipande cha zamani mkononi. Nikapewa mpira mweusi, kipenyo cha ndani milimita 8, saizi yenyewe. Nilipofika nyumbani ndipo nikasoma maandishi ubavuni: SAE J30R7, alama ya aina ya mpira. Ni mpira wa mafuta kweli, ila ni wa mifumo ya presha ndogo kama ya kabureta, ambako pampu kwa kawaida haifikishi presha ya hata nusu bar. Mfumo wangu uko kwenye bar 3 hivi. Nikarudi kubadilisha, nikachukua J30R9, ambao kwa ndani una utando unaostahimili petroli yenye ethanoli, kitu ambacho mipira mingi ya zamani haikutengenezewa. Bei iliuma. Nikachukua na klipu za injekta, zile zenye mkanda laini na kingo zilizokunjwa. Klipu za kawaida zenye matundu huula mpira unapozikaza, na kwenye ule wangu wa zamani alama za meno zilionekana wazi, nyingine za bisibisi yangu mwenyewe.

Kazi niliifanya nje, mahali penye upepo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujikusanya mashimoni, kwa hiyo kulala chini ya gari ndani ya banda lililofungwa ni kuutafuta moto. Kizimamoto cha unga nilikiweka mahali mkono unafika, na tochi ilikuwa ya LED, si taa ya balbu ya moto.

Presha niliitoa hivi: nikachomoa rilei ya pampu ya mafuta, ile swichi ya umeme inayoiwasha, nikawasha injini ikaunguruma mpaka ikajifia yenyewe, nikapiga starta mara mbili zaidi. Nikaacha injini ipoe, ndipo nikafungua waya hasi wa betri. Hata baada ya hayo yote, mpira wa kwanza ulipoachia, petroli ilitiririka kwenye kiganja, ikapita kiwiko, ikaingia kwapani. Ni baridi ajabu, halafu baada ya muda inawasha. Tangu hapo kila paipu niliyoifungua niliiziba mara moja kwa bolti iliyofungwa kitambaa.

Kilichonichukua muda si kufunga, ni kutoa. Mpira wa miaka 25 umeng'ang'ania paipu kama kupe. Nilijaribu kuuzungusha kwa plaisi, paipu ikaanza kupinda nayo, nikaacha. Dawa yake ni wembe: unaupasua kwa urefu, taratibu, halafu unaumenya kama ganda la muhogo. Tatizo ni kwamba ukikandamiza sana, ncha inachora chuma, na mchoro huo unakuwa mfereji wa petroli chini ya mpira mpya. Mimi nilichora paipu moja. Nikaisugua kwa msasa laini, kuizunguka na si kwa urefu, mpaka ukucha ukawa haukwami tena.

Mipira ya juu ya tangi ilinitoa jasho kwa namna nyingine. Wa kupeleka na wa kurudisha inalingana unene na imekaa ubavu kwa ubavu, huwezi kuitofautisha ukiwa umelala chali na vumbi machoni. Nilikuwa nimeifunga utepe wa rangi mbili kabla sijagusa chochote. Hata hivyo mmoja ulinishinda mara ya kwanza: wa zamani ulikuwa na kona iliyofinyangwa kiwandani, mimi nikakata mpya mfupi, wa moja kwa moja. Nilipoupinda uingie, ukajikunja katikati kama mrija wa soda. Mafuta yasingepita hapo. Nikakata mwingine mrefu zaidi, nikauzungusha kwa kona pana.

Kufunga kwenyewe ni haraka. Unakata ncha iwe imenyooka, unailowesha kwa tone la petroli, unasukuma mpaka mpira upite nundu iliyo kwenye mdomo wa paipu na kuendelea, milimita 25 hivi, halafu klipu inakaa nyuma ya nundu. Ikikaa juu yake, siku moja itateleza.

Kipande kilibaki, nikapata tamaa ya kubadilisha na kale kampira kafupi ka ndani ya tangi, kanakoshika pampu. Mzee akanikataza kabla sijafungua kifuniko. R9 umejengwa kwa petroli inayopita ndani yake, si kwa kuzamishwa humo. Ngozi ya nje inalainika na kuvimba. Wa kuzama una alama yake, J30R10. Kako pale pale mpaka leo, nitakarudia.

Nikarudisha rilei na betri. Sikuwasha kwanza. Nilifungua swichi ya ufunguo mara tatu bila kupiga starta ili pampu ijaze mfumo, nikapita kila kiungo na kipande cha tishu kikavu. Cha tano kilirudi kimelowa: klipu ya mpira wa kurudishia nilikuwa nimeivisha tu bila kuikaza. Nikaikaza, nikafuta, nikafungua swichi tena. Kavu. Ndipo nikawasha, nikaiacha injini iungurume robo saa huku nikizunguka na tishu zangu.

Lakini ule mvujo ulikuwa wa baridi, kwa hiyo jioni ile sikushangilia. Asubuhi iliyofuata, kabla jua halijatoka, nilifungua mlango, nikainama ndani, nikavuta pumzi ndefu. Nikasikia mazulia machakavu na vumbi la viti, basi.