Ninavyochambua DNA iliyovutwa kwa leza, nikiwa Moshi

Kibano cha mwanga, yaani mashine inayonasa vitu vidogo kwa leza, sijawahi kukigusa. Mashine iko Ulaya, kwenye maabara ya watu ninaoshirikiana nao. Mimi niko Rau na laptopu ya mtumba, nachambua faili wanazonitumia. Nazishusha usiku wa manane, bando likiwa nafuu. Programu niliyoandika kwa Python inahifadhi matokeo kila inapomaliza grafu moja ya nguvu na urefu wa DNA, kwa hiyo umeme ukikatika sipotezi kitu.

Arthur Ashkin na wenzake walionyesha mwaka 1986 kwamba mwali mmoja wa leza uliokusanywa vizuri unanasa punje ndogo ndani ya maji. Nobeli aliipata 2018, akiwa na miaka 96! Kwetu punje ni za plastiki, na kila ncha ya DNA imenatishwa kwenye punje yake. Moja ikisogezwa DNA inavutika, na nguvu inasomwa kwa jinsi punje inavyohama kidogo kutoka katikati ya mwali.

DNA yenyewe ni ya kirusi lambda: jozi za besi (herufi za DNA) 48,502, kila jozi nanomita 0.34, yaani maikrometa 16.5 hivi ikinyooka.

Kilichonitoa jasho ni mlingano wa Marko na Siggia, unaoeleza nguvu inavyopanda DNA ikinyooshwa. Dawa yake niliipata nilipoachana na mita na nyutoni. Ukipiga hesabu kwa nanomita na pikonyutoni, vipimo vidogo sana vya urefu na nguvu, nishati ya joto la chumba inakuwa 4.1 tu, na zile sufuri ishirini baada ya nukta zinakuondokea. Halafu nabakiza data iliyo chini ya pikonyutoni 10, kwa sababu mlingano huo unachukulia kwamba uzi wenyewe haurefuki. Kipimo cha ukakamavu wa DNA, ambacho mlingano hukitoa kama urefu, kikitoka karibu nanomita 50, naendelea. Kikitoka 25, nashuku DNA mbili zimenaswa sambamba, na nahakikisha kwa kuangalia sehemu ya juu ya grafu: DNA moja huachia kwenye pikonyutoni 65 hivi na kurefuka hadi mara 1.7 nguvu ikibaki ileile, ila zikiwa mbili huachia kwenye 130. Faili hiyo naitupa.

Mama mwenye nyumba alichungulia grafu siku moja. "Mwanangu, hicho si Kibo?" Kweli, mteremko mkali halafu juu bapa. "Hapana mama, ni uzi unavutwa." Akacheka.

Utamu uko kwenye protini. Wakiongeza RecA, inayosaidia bakteria kukarabati DNA, grafu nzima inahamia kulia: protini inaizunguka DNA na kuachanisha besi zake, urefu unafika karibu mara moja na nusu.

Sasa nimeanza faili za polimerasi ya RNA ya bakteria E. koli, protini ambayo hunakili DNA kuwa RNA huku inavutwa nyuma na kusimama nguvu ikifika pikonyutoni 25 hivi. Ni kubwa mno kwa bando la usiku, nimewaomba wanipunguzie.