Nilivyochagua cha kubebea mahitaji ya sokoni

Tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, hapa nyumbani Uyole, Mbeya, kila aliyetumwa sokoni alirudi na mfuko mbadala mpya. Ikarundikana nyuma ya mlango wa jikoni. Nikataka kujua ni upi hasa unaoumiza mazingira kidogo.

Huo mbadala wengi tunauita wa kitambaa, kumbe ni polipropilini, plastiki iliyogandamizwa ikafanana na nguo. Kiwango kinachotakiwa ni gramu 70 kwa mita ya mraba, lakini ile myepesi inachanika kwa kilo chache za viazi, na ikikaa juani inasagika vipande visivyooza. Hilo liliniuma sana.

Nikasoma vipimo vya wenzetu. Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulionyesha mwaka 2011 kwamba, kwa gesi zinazoipasha dunia joto, mfuko wa karatasi lazima utumike mara 3 ndipo ulingane na mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Wa polipropilini ni mara 11, wa pamba mara 131. Utafiti wa Denmark wa 2018, uliojumlisha madhara mengine pia, uliufikisha wa pamba mara 7,100! Pamba inataka maji, mbolea na dawa shambani, kisha umeme mwingi kiwandani.

Hata hivyo rambo siitamani. Kule Denmark mfuko uliokwisha kazi unachomwa kwenye mitambo ya kuzalisha umeme na joto, na utafiti wao haukuhesabu mifuko inayotupwa ovyo. Kwetu inaziba mitaro masika yakianza, na ng'ombe wanaimeza. Nilichokichukua kwenye hesabu zile ni kimoja: mfuko unapimwa kwa mara utakazoubeba.

Kwa kipimo hicho kaki, yaani mifuko ya karatasi, ikashindwa mapema. Karatasi yake inatengenezwa hapa hapa Nyanda za Juu Kusini, Mgololo kule Mufindi, na kwa maharage makavu inafaa. Lakini Mbeya mvua ni ya Novemba mpaka Aprili. Kaki ikilowa, nyanya ziko barabarani. Zinazoingia nyumbani nazichanachana na kuzitia shimo la mboji.

Nikanunua kikapu cha milulu kilichosukwa Iringa. Milulu inajiotea yenyewe kwenye maeneo oevu na inasukwa kwa mkono, na kikapu kikizeeka kinaoza. Kwa mizigo mizito fundi cherehani alinitilia mikanda kwenye salfeti lililokuja na mchele wa Kyela. Sikutaka mfuko mpya wa pamba. Nilishona mmoja kwa kitenge changu cha zamani, ambacho gharama yake kwa mazingira ilikwishalipwa.

Kuwazoesha wa nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi. Nikaning'iniza kikapu mlangoni, salfeti likiwa limekunjwa ndani, na pesa ya sokoni naiweka humo humo. Asiyechukua kikapu hana pesa. Sokoni Mwanjelwa, muuza mboga bado ananiuliza, "Mama, nikuwekee kwenye mfuko?" Namjibu, "Mimina humu, mwanangu."

Nyama na samaki wabichi ndio walionisumbua, maana damu inachuruzika. Sasa nabeba kindoo chenye mfuniko. Mwenye bucha anapima nyama kwenye mzani kwanza, kisha anaitia humo.