Nyanya Wawili, Fremu Moja

Mwalimu wa sanaa alifika kibandani kwangu Kariokor Jumanne saa tano, boda mbili zikimfuata na mizigo iliyofungwa kwa shuka za bweni. Picha 23. Maonyesho ya shule ni Jumamosi. Pesa alizokuwa nazo sitazitaja, maana mke wangu husoma ninayoandika.

Nimezoea kuweka fremu picha za harusi, vyeti vya digrii na marehemu. Kazi za wanafunzi zina vituko vyake. Hakuna mbili zenye kipimo kimoja, na karatasi imekatwa kwa wembe na rula hadi upande mmoja umezidi mwingine. Halafu mimi huiona migongo kwanza. Nyuma ya picha moja nzuri ya rangi za maji, ya miti ya jacaranda, kulikuwa na hesabu za logarithm, zote zimekosewa. Nyuma ya nyingine kulikuwa na orodha ya vitu vya kuletewa siku ya wazazi: chapati kumi, sabuni, kuku ("asiwe na supu").

Kulikuwa na batiki iliyokuwa bado inanuka nta, mtu hakupiga pasi ya kutosha. Kulikuwa na picha ya mtaa iliyobandikwa kwa vipande vya magazeti, na ukisogea karibu unagundua anga lote ni matangazo ya vifo. Hiyo niliishika kwa muda, nikairudisha chini polepole.

Kijana mmoja alikuwa amechonga gari la matatu kwenye kipande cha mkeka wa plastiki wa sakafuni, akapaka wino, akagandamiza karatasi. Kosa lake ni kwamba alichonga herufi kama anavyozisoma, kwa hivyo jina la mtaa inakoenda, KAWANGWARE, likatoka kinyumenyume. Mwalimu alitaka airudie. Kijana akajibu: "Mwalimu, dereva aliye mbele yake akiangalia kioo cha pembeni, si ndivyo atakavyoiona?" Ikapita. Huyo tutamsikia mahakamani siku moja.

Sasa nyanya. Msichana wa Kidato cha 3 alikuwa amemchora nyanya yake kwa makaa, haya haya ya jikoni, kwenye karatasi kubwa. Mikono imekunjwa juu ya leso, na mshipa mmoja wa mkono wa kushoto umechorwa mweusi kuliko kitu kingine chochote. Picha ya makaa haifai kugusa kioo. Unaizungushia kadibodi nene kwanza, ibaki nafasi. Najua hivyo tangu nikiwa mwanafunzi wa kazi. Lakini ilikuwa Alhamisi usiku, kadibodi imeisha, nikasema itakaa tu. Tena wao walikuwa wamepuliza dawa ya nywele juu ili makaa yashike, nikaiamini.

Ijumaa msumari ukachomoka, ikabidi nifungue. Nilipoinua kioo, nyanya wakawa wawili: mmoja kwenye karatasi, amefifia kidogo, na mwingine kwenye kioo, mwepesi kama mvuke. Mshipa ule umehama karibu wote.

Nilimpigia mwalimu, naye akaja na msichana mwenyewe. Nikaomba msamaha mara tatu. Msichana hakunijibu. Alikiinua kioo kwenye mwanga wa mlangoni, akakaa nacho hadi nikaanza kuogopa kitamkata. "Fundi, usikipanguse. Kiwekee fremu yake."

Nilimkatia kioo kipya, kadibodi nikakopa kwa jirani, na cha zamani nikakifunga peke yake kwa mbao zilizobaki. Bila malipo, bila shaka.

Jumamosi nilienda, nimevaa koti. Mwaka huu wa 2026 shule ina Gredi ya 10 wa mtaala mpya na Kidato cha 3 na cha 4 wa mfumo wa zamani wa 8-4-4, Kidato cha 1 na cha 2 hakuna mtu. Vinyago vya mawe ya Kisii na vyungu vilipangwa kwenye madawati ya maabara. Baba mmoja mwenye suti alidhani mimi ni mwalimu, akaniuliza kama mtoto atakula picha. Nikamwambia nimesomesha watatu kwa kuzungushia picha za watu mbao. Kijana wa matatu nilimwelekeza Nairobi Gallery, lile jengo la 1913 lenye mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa pili wa Rais wa Kenya. Akauliza kiingilio ni pesa ngapi. Swali la maana.

Vile vioo viwili vilitundikwa sambamba. Wengi walisimama kwa nyanya wa karatasi, wakapita fremu ya pili wakidhani ni tupu. Msichana alikuwa amesimama kando akiwahesabu wanaorudi nyuma kuangalia tena. Aliniambia ni saba.

Akaniomba nimtunzie kioo hadi shule ifunge, maana bweni hakuna pa kukiweka. Kiko hapa juu ya mashine ya kukatia mbao. Jana kijana wangu wa kazi nilimkuta amekishika, na tambara mkononi.