Kazi yangu iko Google, kishikwambi changu ni iPad

Ofisi yetu ya safari hapa Arusha inaendesha karibu kila kitu kwa huduma za Google. Barua za wageni zinaingia Gmail, ratiba ya magari na madereva iko kwenye kalenda moja tunayoitumia wote, vyumba vya kambi na malipo viko kwenye lahajedwali la Sheets, na nakala za pasi za wageni zimehifadhiwa Drive. Simu yangu ni Android. Kwa hiyo kaka yangu aliponiletea iPad kutoka Muscat, wenzangu walikisifia kioo chake kisha wakanishauri niiuze, ninunue kishikwambi cha Android, kwa kuwa vitu vya Apple na vya Google haviivi chungu kimoja. Sikuiuza, na leo sifanyi kazi bila hiyo iPad. Naeleza nilivyoipanga, maana najua wapo wengi waliopewa zawadi ya namna hii wakabaki kuangalia video tu.

Kampuni hizi mbili ni washindani, lakini zinafanya biashara pamoja. Katika kesi ya Marekani kuhusu soko la utafutaji mtandaoni ilifahamika kwamba mwaka 2022 Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili utafutaji wake ndio utumike moja kwa moja kwenye Safari, kivinjari cha Apple. Na programu zote kubwa za Google zipo App Store, duka la programu la Apple, za bure. Kuzipata si kazi. Kazi ni kwamba iPad inakuja na programu zake za barua, kalenda, majina na picha, na usipoamua mapema, nusu ya mambo yako itakaa Google na nusu itakaa iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple. Mimi niliamua tangu mwanzo: kila kitu cha kazi, nakala yake halisi inakaa Google. iCloud nimeiachia hifadhi rudufu ya kifaa chenyewe na huduma ya kukitafuta kikipotea, na kwa hayo GB 5 za bure zinanitosha. Hata akaunti ya Apple nimeifungua kwa anwani yangu ya Gmail.

Uamuzi huo unaonekana zaidi kwenye majina ya simu. Ukishaingiza akaunti ya Google ndani ya mipangilio ya iPad, majina yako yote yanashuka, unafurahi. Lakini jina jipya utakaloliandika kwenye iPad linaweza kwenda iCloud, na kwenye simu ya Android hutaliona kamwe. Dawa yake ni ndogo: ingia mipangilio ya Contacts, tafuta palipoandikwa Default Account, chagua Gmail. Tangu hapo namba ya mgeni ninayoiandika kwenye iPad mezani naikuta kwenye simu nikiwa uwanja wa ndege wa KIA.

Kalenda ilinichukua muda mrefu kuliko vyote, na nadhani ndipo wengi wanapokata tamaa. Nilipounganisha akaunti, kalenda yangu binafsi ilitokea mara moja kwenye programu ya Calendar ya iPad. Kalenda ya magari, ambayo mwenye nayo ni mhasibu wetu na sisi wengine ametushirikisha, haikutokea. Sababu ni kwamba kalenda ulizoshirikishwa na wengine huwa haziendi kwenye vifaa vya Apple mpaka uziruhusu mwenyewe kwa Google. Unafungua kivinjari, unaingia calendar.google.com/calendar/syncselect ukiwa na akaunti yako, unakuta orodha ya kalenda zako na ulizoshirikishwa, kila moja na kisanduku chake. Weka alama kwenye unazozitaka, hifadhi, rudi kwenye Calendar, vuta orodha kwa kidole ijisasishe. Kalenda ya magari ikaingia na rangi yake. Sasa mzee wetu mmoja, dereva wa siku nyingi, akipita mlangoni na kuuliza, "Dada, kesho nalala Ndutu au Seronera?" namwonyesha kwenye kioo: "Seronera, mzee wangu. Ndutu ni keshokutwa." Anajisomea mwenyewe, maandishi ni makubwa kuliko ya simu, anaridhika.

Ningeweza kutumia Google Calendar yenyewe, nayo ni nzuri. Napendelea ile ya Apple kwa sababu ratiba ya siku inakaa palepale kwenye ukurasa wa mwanzo, sihitaji kufungua kitu.

Kwa barua pepe nimefanya kinyume chake. Programu ya Mail ya Apple inasoma Gmail vizuri, ila kwa akaunti za kawaida za Gmail haipokei barua papo hapo: inakwenda kuziangalia kila baada ya muda, kwa mfano dakika 15, kadiri ulivyoipangia. Kwa mtu anayesoma barua jioni hilo si neno. Kwa sisi tunaojibu mgeni aliye njiani kutoka Nairobi, dakika 15 ni nyingi. Programu ya Gmail inakujulisha barua ikiingia tu. Tangu iOS 14 na iPadOS 14, mifumo ya iPhone na iPad ya mwaka 2020, Apple inaruhusu uchague programu nyingine ya barua iwe ndiyo ya kwanza, kwa hiyo nikigusa anwani yoyote inafunguka Gmail. Kivinjari pia unaweza kubadilisha, lakini kwangu halikuwa na uzito, kwa sababu Chrome ya iPad inatumia injini ileile ya Safari ya kufungulia kurasa, WebKit. Nimebaki na Safari.

Picha za magari na kambi zinapanda Google Photos. Programu hiyo kwenye iPad hupandisha vizuri zaidi ikiwa imefunguliwa, basi naifungua usiku kwenye Wi-Fi ya nyumbani na kuiacha. Kumbuka kwamba tangu tarehe 1 Juni 2021 picha mpya zinahesabiwa kwenye GB 15 za bure, pamoja na Gmail na Drive. Na kama umewasha iCloud Photos, ukifuta picha kwenye iPad ili kupata nafasi, inafutika iCloud pia. Mimi nimeizima.

Kuna somo la mwaka 2012 ambalo silisahau. Mwezi Septemba, iOS 6 ilipotoka, ramani za Google ziliondolewa kwenye vifaa vya Apple, na ramani mpya za Apple zikawa na kasoro nyingi hadi Tim Cook, mkuu wa Apple wakati huo, akaandika barua ya kuomba radhi. Humo aliwashauri wateja watumie ramani za wengine, zikiwemo za Google kupitia tovuti yake. Programu ya Google Maps ilikuja Desemba. Kwa hiyo kila huduma ninayoitegemea nimejifunza pia kuifungua kwa kivinjari.

Porini ndiko mpango wote unapimwa. Njia ya kwenda Serengeti ina vipande virefu visivyo na mtandao, na faili kuonekana kwenye orodha ya Drive hakumaanishi kwamba limo ndani ya kifaa. Unagusa nukta tatu kando ya jina la faili, unachagua lipatikane nje ya mtandao, na unafanya hivyo kwa kila faili unalolitaka. Lahajedwali la vyumba nalijaza hukohuko, nikipata mtandao linajituma lenyewe. Ramani naiachia simu: iPad ya Wi-Fi pekee, kama yangu, haina GPS, na mahali pasipo mtandao haiwezi kukuonyesha ulipo. Ukitaka iPad ya kuongozea njia, nunua inayotumia laini.

Jioni kabla ya safari nawasha hali ya ndegeni, kisha nafungua faili moja baada ya jingine: vyumba, pasi, ratiba, namba za walinzi wa malango. Lisilofunguka nalishughulikia usiku huohuo, nikiwa bado Arusha na bando lipo.