Provo, Nikifuata Nyayo za Inez Knight

Nilipanda treni ya FrontRunner asubuhi pale Salt Lake City, jimboni Utah, Marekani, kwenda mji wa Provo. Kwa zaidi ya saa moja tulishuka kusini, milima yenye theluji kushoto na, tulipokaribia mwisho wa safari, Ziwa Utah kulia. Nilikuwa namfuata mwanamke mmoja, Amanda Inez Knight.

Nyumbani Nairobi huwaona wamisionari wa Kimormoni wakitembea wawili wawili, mabinti wenye sketi ndefu na vibandiko vyeusi vya majina kifuani. Sikuwahi kujiuliza ni nani aliyewatangulia. Aliyewatangulia alitoka hapa Provo, bintiye Jesse Knight, tajiri wa migodi. Tarehe 1 Aprili 1898 yeye na rafiki yake Jennie Brimhall waliwekwa wakfu, wanawake wa kwanza wasioolewa kutumwa na Kanisa la Kimormoni kuhubiri. Inez alikuwa na miaka 21.

Center Street niliitembea polepole. Hekalu lililo katikati ya mji lilikuwa ukumbi wa ibada uliokamilika mwaka huohuo wa 1898. Moto uliuteketeza Desemba 2010, zikabaki kuta tu, na ndani ya kuta hizo likajengwa hekalu. Nilisimama nikayatazama matofali. Hayo ndiyo Inez aliyaacha alipoondoka.

Walitumwa Uingereza, ambako watu waliaminishwa kwamba wanawake wa Utah ni mateka wa ndoa za mitala. Kanisa lilikuwa limetangaza kuachana na mitala mwaka 1890, lakini uvumi haukutulia. Basi mwanamke mwenyewe aende, aonekane, aseme. Kilichonigusa zaidi ni hiki: wanawake wa Utah walikuwa na kura tangu jimbo lao lilipozaliwa mwaka 1896, tena walikuwa wameipata mara ya kwanza 1870 kabla Bunge la Marekani halijawanyang'anya 1887. Wanawake wa Kiingereza waliomwonea huruma Inez hawakuruhusiwa kuchagua mbunge hadi 1918. Mateka alikuwa nani hasa?

Jennie aliugua akarudi mapema. Inez alibaki hadi 1900, akihubiri barabarani mbele ya wageni. Huko Bristol yeye na mwenzake mwingine walizongwa na kundi la watu wenye hasira, wakakimbilia kituo cha polisi. Hakufunga mizigo.

Sauti iliyozoea barabara haikupotea. Aliporudi aliolewa na Eugene Allen, akalea watoto, akaingia siasa za chama cha Democratic. Mwaka 1924 alikuwa mjumbe kwenye mkutano mkuu wa chama, New York, ule uliopiga kura mara 103 ndipo akapatikana mgombea wa urais. Majuma mawili kwenye joto la Juni na Julai! Nikiwa kwenye kiti cha treni ya kurudi, nilimwaza ukumbini, mama wa miaka 47, akingoja jimbo lake liitwe tena kupiga kura.