Bibi na mafua ya mjukuu

Leo tumempeleka Bibi hospitali.

Mafua yalianza kwa mtoto mdogo wa nyumbani, yakahamia kwake. Homa hana. Ila chakula hataki, na anaongea kwa kukatakata maneno.

Nesi akambana kidole na kile kifaa cha kupima oksijeni ya damu: asilimia 88.
Mtu mwenye afya huwa 95 kwenda juu.
Ile 88 imenigandia kichwani!

Daktari anasema kirusi kinachompa mtoto makamasi tu, kwa mzee kinaweza kushuka mapafuni, na wazee wengine hawapandi joto kabisa. Jamani, antibayotiki haziui virusi.

Sasa amewekewa oksijeni, ameomba uji wa ulezi. Nimelia kwa furaha.

Wenye wazee nyumbani, ninyi huwa mnaangalia dalili gani?